Barua ya wazi kwa Kituo cha Ubia: Mkataba wa barabara tuusome kabla ya saini

Ndugu viongozi na watumishi wa Kituo cha Ubia baina ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi,

Nawaandikia kutoka Chalinze, njia panda ya Tanga na Morogoro. Malori ya Tunduma, ya Lubumbashi, ya Kigali na Bujumbura yanapita hapa usiku kucha, na sisi tunaoishi kando ya barabara tumeshayazoea hata tukisikia kimya tunaamka. Tunazijua saa za foleni ya Mlandizi, tunaijua foleni ya mizani ya Vigwaza, na tunajua maana ya kumkimbiza mgonjwa wa rufaa kwenda Muhimbili ukiwa umefungiwa kati ya tela mbili. Kwa hiyo naomba barua hii isisomwe kama ya mtu anayepinga barabara ya kulipia. Naitaka barabara ile. Naitaka Kibaha hadi Chalinze, kilomita 78.9 za mwanzo, na naitaka ifike Morogoro zitimie 205 kama mlivyopanga. Serikali ikisema haina fedha za kujenga kila kitu kwa kodi, naamini, maana nimefanya kazi ya uhasibu wa halmashauri kwa miaka 31 na nayajua makusanyo yetu yalivyo.

Ninachoomba ni kimoja. Mkataba wa barabara hii uwekwe wazi, wote pamoja na viambatisho vyake, kwa Kiswahili, kabla haujasainiwa.

Nianze na jambo lililonikuta kazini, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Niliwahi kuhamishiwa halmashauri moja ambayo sitaitaja. Ilikuwa na stendi ya mabasi, na kuizunguka stendi kulikuwa na fremu za maduka zilizojengwa na mwekezaji kwa utaratibu ule mnaoujua vizuri kuliko mimi: halmashauri inatoa ardhi, mwekezaji anajenga kwa fedha zake, anakusanya kodi miaka 15, halafu fremu zinarudi kwa wananchi. Nilipofika, wapangaji walikuwa wanasema miaka imekwisha. Mwekezaji akasema bado. Nikaomba mkataba. Ulichukua wiki tatu kupatikana, nakala moja tu, imechomekwa kwenye jalada la mambo mengine kabisa. Ulikuwa wa Kiingereza, kurasa nyingi, wakati baraza la madiwani lililoupitisha lilikuwa limesomewa muhtasari wa ukurasa mmoja.

Kifungu cha muda kilisema miaka 15 itahesabiwa tangu siku mradi utakapopewa cheti cha kukamilika. Cheti hakikuwahi kutolewa, kwa sababu choo cha stendi, ambacho kilikuwa sehemu ya mradi, hakikujengwa. Kwa hesabu ya karatasi, basi, ile miaka 15 ilikuwa haijaanza. Yule aliyeshindwa kujenga choo ndiye aliyekuwa ananufaika kwa kutokijenga. Mama mmoja muuza vitenge aliniuliza, “Sasa baba mhasibu, hii miaka yote tuliyolipa kodi ilikuwa ya nani?” Nilikuwa nimevaa tai, nimeshika mkataba mkononi, na sikuwa na jibu la kumpa.

Hakuna aliyeiba pale. Narudia kusema hivyo kwa sababu kila tukizungumzia mikataba mazungumzo yetu hukimbilia rushwa, na rushwa ipo, lakini kifungu kile kilipita kwa sababu watu wa kukisoma hawakupewa wakisome. Dereva wa basi angeuliza, “Na choo kisipojengwa?” Diwani yeyote angeuliza hivyo, angepewa mkataba wenyewe badala ya muhtasari.

Ndugu zangu, sisi Watanzania tuna historia ndefu ya kusoma mikataba yetu ndani ya hukumu. Mei 1995 TANESCO ilisaini mkataba wa miaka 20 wa kununua umeme wa kampuni ya IPTL, kutoka mtambo wa megawati 100 pale Tegeta. Nchi ilikuwa imetoka kwenye ukame, mabwawa yalikauka, watu walichoka na giza. Ndani ya mkataba TANESCO ilikubali kulipa kila mwezi kwa mitambo kuwepo tu, iwashwe au isiwashwe. Ni wangapi nje ya ofisi waliyajua hayo siku ile? Wengi tuliyasikia baadaye, mgogoro ulipofika kwenye kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji cha Benki ya Dunia kule Washington. Ndiko ilikobainika kwamba injini zilizofungwa zilikuwa za mwendo wa kati wakati mkataba ulitaka za mwendo wa polepole, na mwaka 2001 gharama ya mtambo ikateremshwa kutoka dola milioni 163 hadi milioni 127 hivi. Mwaka 2006 ukaja ugomvi mwingine, wa mtaji ambao wenye kampuni walisema wameuweka, na fedha za malipo ya TANESCO zikawa zinatunzwa kwenye akaunti ya Escrow Benki Kuu. Mwishoni mwa 2013 zikatolewa. Yaliyofuata bungeni Novemba 2014 hayahitaji kusimuliwa. Mawaziri waliondoka, Mwanasheria Mkuu aliondoka. Na mwaka 2016 kituo kilekile cha Washington kikaamuru TANESCO iilipe benki ya Standard Chartered ya Hong Kong dola milioni 148.4, kwa mkopo uliojenga mtambo uleule.

Nawakumbusha hili ninyi hasa, na nina sababu. Mbunge wa Kigoma Kusini aliyeisimamia hoja ya Escrow hadi ikasikika nchi nzima ni David Kafulila, na ndiye aliyeteuliwa mwaka 2023 kukiongoza Kituo chenu. Ofisi hii, kuliko nyingine yoyote ya serikali, inajua bei ya mkataba uliofungiwa kabatini.

Maji ya Dar es Salaam nayo yana somo lake. Februari 2003 DAWASA ilisaini mkataba wa miaka 10 na City Water, kampuni ya Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mbia wa hapa nyumbani. Ilianza kazi Agosti. Mei 2005 serikali ikatangaza kuuvunja mkataba, na muda mfupi baadaye viongozi watatu wa kampuni wakaondolewa nchini. Mashirika yetu ya kiraia yaliomba kusikilizwa kwenye kesi iliyofunguliwa na mwekezaji kule Washington, kama marafiki wa mahakama, na mwaka 2007 yakakubaliwa kuandika maoni, lakini vikao havikuwa vya wazi na nyaraka za kesi hayakupewa. Fikirini jambo hilo. Watu wanaotetea maji ya Manzese na Mbagala wanaandika maoni juu ya mkataba wasiouona. Hukumu ya Julai 2008 ilisema Tanzania ilivunja wajibu wake kwa mwekezaji, ila haikumpa hata senti, kwa kuwa kampuni ilikuwa imeshapoteza thamani yake yenyewe kabla ya kutimuliwa. Tulipona. Lakini kupona kwa namna ile hakukutupa maji.

Nimesikia hoja kwamba kuanika mkataba kunawafukuza wawekezaji, kwamba kuna siri za biashara. Naiheshimu hoja hiyo kiasi. Mzabuni ana haki ya kuficha namna anavyochanganya lami yake na mshahara wa wahandisi wake. Ila kiwango cha tozo si siri yake, kitatoka mfukoni mwangu. Urefu wa mkataba si siri yake, ardhi ni yetu. Dhamana ya serikali si siri yake hata kidogo, maana hiyo ni saini ya wajukuu wetu. Tena usiri haujawahi kutuletea ushindani: kwenye zabuni ile ya maji, aliyefika mwisho na kuweka bei mezani alikuwa City Water peke yake. Na Kenya mwaka 2024 wananchi waliyajua mapendekezo ya kampuni ya Adani ya India juu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kwa nyaraka zilizovuja mitandaoni. Hasira zikajaa, Novemba 21 Rais Ruto akafuta mpango bungeni. Mwekezaji anayeogopa uwazi amwangalie yule aliyetegemea usiri amepata nini.

Kwetu pia sheria imeshakubali kanuni hii. Sheria ya mwaka 2015 ya uwazi katika sekta ya madini, mafuta na gesi inataka mikataba ya sekta hizo iwekwe hadharani. Kama dhahabu iliyo chini ya ardhi ya Geita inastahili mkataba wa wazi, barabara tunayoikanyaga kila siku inakosaje?

Sasa niseme mhasibu angefungua ukurasa gani kwanza.

Ningeanza na ahadi ya idadi ya magari. Mbia hajengi kwa fedha za mfukoni tu, anakopa, na benki inayomkopesha inataka uhakika. Mara nyingi uhakika huo ni serikali kuahidi kwamba magari yakipungua chini ya idadi fulani, itafidia. Tuseme, kwa mfano tu, mkataba unategemea malori 5,000 kwa siku na yakapita 3,000. Yale 2,000 ambayo hayakupita yatalipiwa na nani? Na sisi tuna jambo la pekee: serikali yetu wenyewe imejenga reli ya SGR sambamba na barabara hiyohiyo. Tangu Juni 2024 treni inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Tunataka mizigo ihamie relini, ndiyo sababu tumekopa kuijenga. Kama mkataba wa barabara unamlipa mbia fidia kila kontena linapopanda treni, basi tutakuwa tumelipa mara mbili, mara ya kwanza kwa kujenga reli na mara ya pili kwa kuitumia. Inawezekana kifungu hicho hakimo kabisa. Nitafurahi sana. Lakini furaha hiyo nataka niipate kwa kusoma.

Ahadi ya namna hii haionekani kwenye takwimu za deni la taifa siku inaposainiwa. Haina riba, haina tarehe ya kulipa, haimo kwenye bajeti ya mwaka huu wala wa kesho. Inakaa kimya mpaka mwaka mbaya, mwaka ambao uchumi umeyumba na malori yamepungua, na ndiyo siku inapodaiwa, wakati hazina nayo haina kitu. Katika miaka yangu yote ya vitabu vya hesabu sijaona deni linalojua kuchagua siku vibaya kama hilo.

Ukurasa wa pili ni wa barabara ya zamani. Tumeahidiwa kwamba asiye na fedha atapita kwenye barabara iliyopo. Sawa. Itafanyiwa matengenezo na nani, kwa fungu lipi? Na je, serikali itakuwa huru kuipanua? Nauliza kwa sababu kule California waliingia kwenye mtego huo. Mwaka 1995 kampuni binafsi ilifungua njia za kulipia katikati ya barabara kuu ya 91. Mkataba ulikuwa na kifungu kinachoizuia serikali kuboresha njia za bure za jirani, zisije zikampunguzia mwenye tozo wateja. Magari yakaongezeka, njia za bure zikajaa, watu wakapiga kelele, na serikali mikono yake imefungwa na saini yake. Mwaka 2003 mamlaka ya usafiri ya Orange County ililazimika kuzinunua njia zile kwa dola milioni 207.5 ili ipate tena haki ya kutengeneza barabara yake. Mstari mmoja wa mkataba. Daladala na bodaboda wa hapa hawatalipa tozo kila siku; watabaki kwenye barabara ya zamani, na wao ndio wanaostahili kujua kama barabara hiyo itaachwa ichakae.

Kuhusu sarafu nitasema kwa kifupi kwa kuwa mfano uko jirani. Barabara ya juu ya Nairobi, ya Mlolongo hadi Westlands, ilijengwa na Wachina kwa mkataba wa miaka 27, ikafunguliwa 2022. Januari 2024, shilingi ya Kenya ilipokuwa imeanguka mbele ya dola, tozo ya gari dogo kwa safari nzima ilipanda kutoka shilingi 360 hadi 500. Mshahara wa mwenye gari haukupanda. Hatari ya dola alibebeshwa yeye, na kifungu kilichombebesha kilikuwa kimeandikwa kabla hajaikanyaga barabara hiyo. Mkataba wetu unasemaje? Muuza nyanya anayesafirisha matenga yake kwenda Ilala hajui bei ya dola leo asubuhi.

Halafu kuna muda, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu muda ndio ulioniumiza kule stendini. Tuna mazoea mabaya na muda. Mkataba wa makontena wa bandari ya Dar es Salaam wa mwaka 2000 ulikuwa wa miaka 10. Ukaongezwa ukawa wa miaka 25 kabla ile 10 ya kwanza haijaisha. Kila mtu anajua nani alifurahi. Chile walitafuta njia tofauti. Mwaka 1998, kwa barabara ya kutoka Santiago kwenda Valparaíso na Viña del Mar, hawakuwauliza wazabuni wanataka miaka mingapi. Waliwauliza wanataka jumla ya fedha kiasi gani, kwa thamani ya leo, na aliyetaja kiasi kidogo ndiye aliyeshinda. Jumla ikitimia, mkataba umekwisha, barabara inarudi. Magari yakiwa mengi inarudi mapema, yakiwa machache mbia anaendelea kukusanya mpaka apate haki yake. Angalieni uzuri wake: hakuna haja ya serikali kuahidi idadi ya magari, kwa sababu upungufu hulipwa kwa muda badala ya hazina. Na siku serikali ikitaka kuivunja ndoa, inajulikana imebaki shilingi ngapi, hakuna safari ya Washington. Kwa barabara yenye malori mengi kama hii ya kwetu, huku reli ikiinuka pembeni na hakuna anayeweza kuapa magari yatakuwa mangapi mwaka 2040, sioni njia nzuri kuliko hiyo. Kama mliipima mkaikataa, tuambieni sababu. Labda ni nzuri.

Juu ya lugha sitaomba radhi. Tangu 2021 sheria yetu yenyewe inasema lugha ya sheria na ya mahakama ni Kiswahili. Mnakumbuka Juni 2023, Bunge lilipokuwa linaridhia makubaliano ya bandari na Dubai. Maandishi ya Kiingereza yalizunguka kwenye simu, kila mtu na tafsiri yake. Msikitini tafsiri moja, kanisani nyingine, kijiweni ya tatu. Wasomi wakabishana hadi Mahakama Kuu ya Mbeya. Sitaki kufufua ubishi ule hapa. Nasema tu kwamba nusu ya moto wake uliwashwa na watu kusoma lugha isiyo yao, kwa haraka, baada ya mambo kukamilika. Serikali ingetoa tafsiri yake rasmi miezi mitatu kabla, tungebishana juu ya vifungu vyenyewe badala ya kubishana vifungu vinasema nini.

Kwa hiyo ombi langu lina mwili, si maneno ya jumla. Rasimu ya mkataba ikishakamilika na mzabuni, itolewe siku 60 kabla ya saini. Nakala ziwepo mtandaoni na pia juu ya meza katika ofisi za kata pale Mlandizi, Vigwaza, Ruvu, Chalinze, Mikese na kwingine njiani, kwa sababu si kila mmoja ana simu ya kufungulia kurasa 300. Jedwali la vihatarishi liwe mbele, likionyesha kila hatari na jina la anayeibeba. Dhamana zote za serikali zitajwe kwa shilingi. Na mkataba ukirekebishwa baadaye, marekebisho nayo yapitie mlango huohuo, maana nimeona mkataba mzuri ukiharibiwa na nyongeza ya kurasa mbili iliyosainiwa jioni. Nakala ya barua hii naituma kwa kamati ya Bunge inayosimamia hesabu za serikali, nao pia wausome mkataba, wote, kwa muda wa kutosha, na wala wasisomewe.

Mimi nitakwenda ofisi ya kata siku ya kwanza. Nitawachukua na vijana wa bodaboda wa hapa kijiweni, na mama lishe wa stendi ambao hawajaambiwa wazi kama mabasi yatakayopita njia mpya yatasimama tena Chalinze au yatapita moja kwa moja. Nitawasomea kifungu kwa kifungu.

Na kwenye ukurasa wa muda, popote mtakapoamua pawe, msiandike “tangu mradi utakapokamilika.” Andikeni siku, mwezi na mwaka.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhasibu mstaafu,
Chalinze